Kusoma mazoezi ya Ijumaa na uchovu wa matairi kabla ya mbio za Formula 1: mwongozo kwa watazamaji wa Dodoma

Ijumaa usiku, dereva aliye juu ya jedwali la mazoezi huwa ameshatangazwa bingwa vijiweni, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu. Jumapili jioni anashinda mwingine, na wale wale waliotangaza wanasema langalanga haitabiriki. Inatabirika kwa kiasi chake, ila wengi tunasoma pasipostahili. Jedwali la mazoezi linapanga madereva kwa mzunguko mmoja tu, ule bora. Mbio zinaamuliwa na mizunguko 20 au 30 mfululizo juu ya seti moja ya matairi, gari likiwa na mafuta. Habari hiyo imo ndani ya mazoezi yale yale, lakini haikai juu ya jedwali. Lazima uifukue.

Unachohitaji ni daftari, kikokotoo cha simu na bando dogo. Video si lazima, ingawa ukiipata inasaidia kwenye hatua ya sita. Na niseme mapema: siandiki haya kwa ajili ya mikeka. Anayeweka kodi ya nyumba kwenye mazoezi ya Ijumaa ana shida ambayo hesabu hizi haziitibu.

Hatua ya 1: Chagua kipindi cha kufuatilia

Wikiendi ya kawaida ina vipindi vitatu vya mazoezi, kila kimoja dakika 60. Mbio nyingi za Ulaya katikati ya mwaka, kwa saa zetu, huwa hivi: Ijumaa kipindi cha kwanza saa 8:30 mchana na cha pili saa 12:00 jioni, Jumamosi cha tatu saa 7:30 mchana, kisha kusaka nafasi za kuanzia saa 11:00 jioni, mbio zenyewe Jumapili saa 10:00 jioni. Mbio za Silverstone, Uingereza, kwetu huanza saa 11:00 jioni.

Ukiwa na nafasi ya kipindi kimoja tu, chukua cha pili. Cha kwanza kina vurugu nyingi: timu zinajaribu vipuri vipya, zinapaka gari rangi ya majimaji ili zione upepo unapita wapi, na tangu 2025 kila gari linatakiwa kukabidhiwa dereva chipukizi mara mbili kwa msimu katika kipindi hicho. Nyakati za kijana anayetafuta breki ziko wapi hazikuambii kitu kuhusu Jumapili. Kipindi cha tatu kwa sehemu kubwa ni maandalizi ya kusaka nafasi. Cha pili ndicho ambacho, baada ya nusu saa ya kwanza, magari hujazwa mafuta na kupelekwa safari ndefu.

Kuna sababu nyingine, ambayo ni joto. Abu Dhabi, kwa mfano, mazoezi ya kwanza na ya tatu hufanyika jua likichoma, ilhali ya pili huanza saa 10:00 jioni kwa saa zetu, sawasawa na mbio. Ukisoma matairi ya mchana kwa ajili ya mbio za jioni unasoma uwanja mwingine.

Shida ya saa 12 jioni Ijumaa tunaijua sote: ndiyo saa mtu yuko ndani ya basi anatoka Mtumba, amesimama, mkono mmoja juu. Usijali. FIA, shirikisho la mchezo wa magari duniani, huweka kwenye tovuti yake hati ya kila kipindi yenye muda wa kila mzunguko wa kila dereva. Ni faili jepesi na linapakuliwa bure. Herufi P mbele ya mzunguko ina maana dereva aliingia piti, yaani njia ya pembeni zilipo karakana za timu. Aina ya tairi alilotumia itafute kwenye programu ya simu ya Formula 1 au kwenye marudio. Mimi naona hati ile ni bora kuliko kutazama moja kwa moja, kwa sababu haikatiki umeme ukikatika.

Wikiendi zenye mbio fupi za Jumamosi (kwa miaka ya karibuni ni sita kwa msimu) zina kipindi kimoja tu cha mazoezi. Hapo mbio fupi zenyewe ndizo zinakuwa somo lako la matairi, na ni somo zuri, maana hakuna anayeficha.

Hatua ya 2: Jua matairi gani yameletwa

Matairi yote ya Formula 1 yanatoka kampuni ya Pirelli tangu 2011. Rangi ya ubavuni inasema hivi: nyekundu ni laini, njano ni ya kati, nyeupe ni magumu. Kijani ni ya unyevunyevu, bluu ni ya mvua kubwa. Mbio zikiwa kavu, kila dereva lazima atumie angalau aina mbili kati ya zile tatu za kwanza.

Mtego uko hapa. Rangi ni za wikiendi husika tu. Mpira wenyewe una namba, C1 ukiwa mgumu kabisa na kulainika namba inavyopanda, na Pirelli huchagua aina tatu kwa kila uwanja. Mwaka 2024 tairi la C3 lilikuwa jeupe kule Monaco na jekundu kule Silverstone. Mpira ni ule ule. Kwa hiyo mtu akikuambia "timu hii haiwezi matairi mekundu", muulize mekundu ya wapi.

Kwenye wikiendi ya kawaida kila gari linapewa seti 13 za matairi makavu: 2 ngumu, 3 za kati, 8 laini. Baada ya kila kipindi cha mazoezi seti mbili zinarudishwa Pirelli, hivyo zinabaki saba za kusakia nafasi na za mbio. Andika kwenye daftari nani ametumia nini Ijumaa. Timu isiyogusa matairi magumu kabisa siku hiyo inatunza seti zake zote mbili, na hiyo ni dalili kwamba inahofia Jumapili matairi ya kati hayatatosha. Hapa timu inakuambia mawazo yake bila kufungua mdomo, na watangazaji mara nyingi wanapita bila kulitaja.

Hatua ya 3: Tenganisha mwendo mfupi na mwendo mrefu

Fungua hati, chagua dereva mmoja, soma safu yake. Mwendo mfupi unautambua mara moja: mzunguko wa polepole, wa kasi sana, wa polepole, labda wa kasi tena, kisha P. Hayo ni mazoezi ya kusaka nafasi. Yaache.

Mwendo mrefu ni safu ya nyakati zinazofanana, sita, nane, wakati mwingine kumi na mbili, zote zikiwa sekunde kadhaa nyuma ya mzunguko wake bora. Huo ndio unaoutaka. Kabla ya kunakili, safisha:

- Futa mzunguko wa kutoka piti na ule wa kurudi.
- Futa wa kwanza wa kasi kama uko mbali na wenzake. Matairi yalikuwa bado hayajatulia.
- Mzunguko mmoja uliopotea sekunde moja na zaidi katikati ya safu nzuri, kisha safu ikaendelea kama zamani, ni foleni au kosa la dereva. Futa.
- Bendera nyekundu, yaani kipindi kusimamishwa, ikikata mwendo, usiunganishe vipande viwili. Matairi yamepoa na kupashwa moto upya.

Ikibaki mizunguko pungufu ya sita, mimi huwa simhesabu dereva huyo. Kuna watu wanatoa hukumu kwa mizunguko mitatu. Hiyo ni ramli.

Kuhusu mzunguko bora wa jedwali, sababu ya kuupuuza ni mafuta na injini. Kwenye uwanja wa kawaida kilo 10 za mafuta zinagharimu takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko, na hakuna timu inayotangaza imeweka kilo ngapi. Magari mawili yaliyopishana kilo 20 yanapishana zaidi ya nusu sekunde kabla hata dereva hajashika usukani, na nusu sekunde mara nyingi ndiyo tofauti ya mtu wa kwanza na wa nane. Lori lililotoka Kibaigwa limejaa mahindi na lile linalorudi tupu hakuna anayeyashindanisha kwa saa ya kufika. Ongeza hapo kwamba timu hupunguza nguvu ya injini siku ya Ijumaa, kila moja kwa kiasi chake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kuchoka

Hapa ndipo kazi ilipo, nenda taratibu. Nyakati zifuatazo ni za kubuni, lakini ndivyo hati halisi inavyoonekana ukishaisafisha. Madereva wawili, wote juu ya matairi ya kati mapya, mizunguko minane kila mmoja. Ili kurahisisha, nimegeuza dakika kuwa sekunde.

Dereva A: 81.6, 81.6, 81.7, 81.7, 81.8, 81.8, 81.9, 81.9.

Dereva B: 81.1, 81.2, 81.4, 81.5, 81.7, 81.9, 82.1, 82.3.

Wengi wataishia kwenye wastani. A anapata 81.75, B anapata 81.65. Basi B ana kasi zaidi kwa sekunde 0.1, tufunge daftari. Usifunge. Chukua wastani wa mizunguko mitatu ya kwanza, kisha wa mitatu ya mwisho, toa, halafu gawanya kwa 5, kwa sababu kutoka katikati ya kundi la kwanza (mzunguko wa 2) hadi katikati ya kundi la mwisho (mzunguko wa 7) ni hatua tano.

Kwa A: 81.87 toa 81.63 ni 0.24, gawanya kwa 5, takriban 0.05 kwa kila mzunguko. Kwa B: 82.10 toa 81.23 ni 0.87, gawanya kwa 5, takriban 0.17.

B anaanza akiwa mbele kwa nusu sekunde lakini anachoka zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Ukiyajumlisha, kufikia mzunguko wa tisa hivi faida yote ya B imeisha, na kufikia wa ishirini A anamwacha kwa karibu sekunde mbili kwenye kila mzunguko. Mwendo mrefu wa Ijumaa ulikatwa pale pale kabla mambo hayajageuka, ndiyo maana wastani ukamsifu B. Jambo hili hutokea mara kwa mara, na ndilo linalowapa watu ile habari ya "alikuwa moto Ijumaa, sijui Jumapili kapatwa na nini".

Onyo moja: linganisha njano na njano, nyeupe na nyeupe. Dereva mwenye matairi laini atakuwa na namba kubwa ya kuchoka hata kama gari lake ni pole kwa matairi.

Hatua ya 5: Rudisha mafuta kwenye hesabu

Gari linachoma mafuta kila mzunguko, linakuwa jepesi, na wepesi huo unaficha sehemu ya uchovu wa tairi. Kuanzia 2019 hadi 2025 kikomo cha mafuta kwa mbio kilikuwa kilo 110. Ukigawa kwa mizunguko 57 ya Bahrain unapata kama kilo 1.9 kwa mzunguko, ambazo kwa kanuni ya hapo juu ni karibu sekunde 0.06. Magari ya kanuni za 2026 yanabeba mafuta machache zaidi, kwa hiyo punguza namba hiyo. Sehemu zilizobaki za hesabu ziko palepale.

Tukitumia 0.06, uchovu halisi wa tairi la A si 0.05 bali 0.11, na wa B ni 0.23. Unapowalinganisha wao kwa wao haibadilishi kitu, kwa sababu wote wanaongezewa kiasi kilekile. Inabadilisha kila kitu unapojiuliza wataingia piti mara ngapi.

Chukua mbio za mizunguko 60. Kuingia mara moja ni vipande viwili vya mizunguko 30. Kuingia mara mbili ni vipande vitatu vya 20. Ukijumlisha uchovu wote mzunguko kwa mzunguko, faida ya kuingia mara ya pili inatoka namba moja rahisi: uchovu zidisha kwa 300. Sasa weka gharama ya kuingia piti, ambayo kwenye viwanja vingi ni sekunde ishirini na kitu. Tuseme 22.

Kwa A bila kurudisha mafuta: 0.05 mara 300 ni 15. Hazifiki 22, basi aingie mara moja. Kwa A baada ya kurudisha mafuta: 0.11 mara 300 ni 33. Zimezidi 22, basi mara mbili. Daftari lile lile, majibu mawili tofauti, na la pili ndilo sahihi, kwa sababu mafuta yataungua vilevile hata ukiingia piti mara kumi.

Kisha lainisha jibu lako kidogo. Jumapili madereva hutunza matairi zaidi kuliko Ijumaa, na lami inakuwa imeshikwa na mpira wa siku tatu, kwa hiyo uchovu wa mbio mara nyingi hupungua. Mpaka kati ya mara moja na mara mbili, kwa mfano huu, ni takriban 0.07. Anayekaribia hapo ana uamuzi mgumu, na msimamizi wake wa mbinu hatalala vizuri Jumamosi.

Spa, Ubelgiji, mwaka 2024 ni mfano mzuri. Timu nyingi zilijiandaa kuingia mara mbili. George Russell aliingia mara moja tu, akakaa kwenye matairi magumu hadi bendera, na akavuka mstari wa kwanza mbele ya Lewis Hamilton. Baadaye gari lake lilipopimwa likakutwa limepungua kilo 1.5 chini ya uzito unaotakiwa, akafutwa na ushindi ukaenda kwa Hamilton. Lakini kwa upande wa matairi alikuwa sahihi: uchovu wa siku ile ulikuwa mdogo kuliko karatasi za watu zilivyosema.

Hatua ya 6: Tazama tairi lenyewe

Kuchoka na kulika ni vitu viwili. Tairi linaweza kuchoka kwa joto huku mpira ungali mnene. Linaweza pia kulika likakaribia utepe wa ndani huku nyakati zikiwa bado nzuri. La pili ndilo la hatari, maana daftari halikuonyi. Silverstone 2020, gari la usalama, lile linaloongoza wote polepole baada ya ajali, lilitoka mapema, wengi wakabadilisha matairi na kulazimika kwenda karibu mizunguko 40 na magumu. Kwenye mizunguko ya mwisho tairi la mbele kushoto lilipasuka kwa Valtteri Bottas, kisha Carlos Sainz, kisha Hamilton aliyekuwa akiongoza. Hamilton alimaliza wa kwanza akiburuza ringi.

Kamera ikionyesha tairi kwa ukaribu, tafuta haya. Uso uliochakaa kwa mikunjo na chembechembe za mpira unatokea tairi likiteleza kabla halijapata joto la kutosha. Hushusha kasi kwa muda, na mara nyingi chembe zikishakwanguka kasi inarudi, kwa hiyo dereva aliyepoteza nusu sekunde katikati ya mwendo kisha akaipata tena huenda amepitia hali hiyo. Malengelenge ni kinyume chake: joto limezidi ndani, mpira unavimba na kubanduka vipande. Hayo hayaponi. Yakionekana bega la ndani la tairi, timu imelaza magurudumu mno, na Jumapili itabidi dereva apunguze.

Kipara kinachotokana na kufunga breki kinakaa sehemu moja na kutetemesha gari zima. Mwaka 2005 sheria ilidai seti moja imalize mbio nzima; Kimi Räikkönen akaongoza Nürburgring na tairi la namna hiyo, na mzunguko wa mwisho ulipoanza mtetemo ukavunja mfumo wa magurudumu ya mbele. Fernando Alonso akapita na kushinda.

Ukitaka jicho lako lizoee, kaa saa moja kwa fundi tairi yeyote pale barabara ya Dar es Salaam. Atakuonyesha tairi lililokula katikati kwa sababu ya upepo mwingi, lililokula mabega yote mawili kwa upepo mdogo, na lililokula upande mmoja kwa sababu ya alaimenti. Ya Formula 1 ya lami kavu hayana kashata, lakini sababu ni hizo hizo, ila upepo mdogo huko ni mwiko: Pirelli huweka kiwango cha chini na FIA hukagua.

Halafu kuna yale ambayo hata kamera haioni. Qatar 2023, baada ya magari kukimbia Ijumaa, Pirelli walipasua matairi yaliyotumika wakakuta nyuzi za ndani ubavuni zimeanza kuachana na mpira, kisa kingo za kona zilizokuwa zikigongwa kwa kasi. Mipaka ya kona mbili ikasogezwa, na FIA ikatoa amri: seti yoyote isizidi mizunguko 18. Mbio zilikuwa za mizunguko 57, kwa hiyo kila mtu akalazimika kuingia piti mara tatu. Hesabu zote za Ijumaa zilikufa pale. Ndiyo maana Jumapili asubuhi, kabla hujatoa utabiri, pitia taarifa za Pirelli na FIA za wikiendi hiyo.

Hatua ya 7: Andika joto la lami

Joto la hewa na la lami si kitu kimoja. Anayetembea Dodoma mwezi wa kumi mchana hahitaji kuelezwa. Nakili joto la lami la kipindi cha pili na la mbio. Likipanda nyuzi kumi, matairi laini yataumia zaidi kuliko daftari lako linavyosema, na timu zilizoonyesha malengelenge zitaumia kwanza. Likishuka, wale waliokuwa na chembechembe watateseka zaidi, na waliokuwa wakiunguza matairi watapumua.

Mvua ya usiku inaosha mpira uliokwama kwenye lami. Mazoezi yaliyofanyika kabla ya mvua yape nusu ya uzito.

Hatua ya 8: Jumamosi, pima kwa nafasi ya kuanzia

Dereva A wetu ana matairi mazuri, lakini amesaka nafasi akawa wa tisa. Je, atapita? Inategemea uwanja. Bahrain lami inakwangua, matairi ya nyuma yanachoka, na mwenye matairi mazima hupita wengi. Monaco ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2024 mbio zilisimamishwa mzunguko wa kwanza, karibu wote wakabadilisha matairi wakati ule, na wale kumi wa mbele wakamaliza kwa mpangilio ule ule walioanza nao. Kwa Monaco, okoa bando lako la Ijumaa, tazama Jumamosi.

Kwingineko, ninachofanya ni kuandika orodha mbili, ya nafasi za kuanzia na ya uchovu wa matairi, na kuwatafuta waliopishana sana. Aliye wa pili kwa nafasi na wa kumi kwa matairi ndiye atakayerudi nyuma. Aliye wa nane kwa nafasi na wa pili kwa matairi ndiye wa kumtazama baada ya mzunguko wa 15, wenzake watakapoanza kuingia piti.

Hatua ya 9: Jumapili, andika kabla ya saa kumi

Andika mambo matatu tu: nani atachoka mapema, wengi wataingia piti mara ngapi, na duru ya kwanza ya kuingia itaanza mzunguko wa ngapi. Usiandike mshindi pekee, maana gari la usalama moja linaweza kumpa ushindi mtu ambaye hesabu zako zilimweka wa tano, nawe hutajua kama ulisoma vibaya au bahati ilipita.

Kama unatazamia kibanda umiza, kubaliana na mwenye king'amuzi mapema. Siku Dodoma Jiji wanacheza Jamhuri, au kuna mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza saa hizo, chaneli itahamishwa mzunguko wa 20 bila mjadala, nawe utabaki na nyakati za simuni. Ukiwa na daftari zinatosha: tazama nyakati za B wako zikianza kupanda, na hesabu mizunguko hadi timu yake imwite.

Mbio zikiisha, nakili ilivyokuwa kando ya ulivyoandika, pamoja na namba za C za matairi na joto la lami. Karatasi hiyo itunze hadi mwakani kwenye uwanja uleule, na kabla ya kuitumia hakikisha vitu viwili: kama Pirelli wameleta aina zile zile tatu, na kama lami haijamwagwa upya.